Miparachichi ya Machimboni

Ukitaka kumwona Tulinagwe amekasirika, mwambie ana bahati. Mwambie tu, "Mama, wewe una bahati, umepata eneo lenye rutuba," halafu usogee pembeni. Wapo waliomwambia hivyo kwa nia njema kabisa, wanunuzi wa parachichi waliokuja na gari lao na makreti yao, wakajibiwa maneno ambayo hawakuyategemea kutoka kwa mama mtu mzima aliyevaa kitenge cha kwaya. Bahati! Mtu afanye kazi mpaka kucha zimng'oke, halafu aje mgeni na viatu vyake safi aseme ni bahati. Hata mimi ningemjibu.

Eneo lenyewe liko chini ya mtaa wa Bulyaga, hapa Tukuyu, unapoiacha barabara na kushuka kuelekea mtoni. Huku Rungwe tumezoea udongo mweusi, ule ambao ukitupa kokwa la parachichi nyuma ya jiko na kulisahau, mwakani unakuta mche. Kwa hiyo mtu wa Tukuyu akilalamika kwamba ana ardhi mbaya, wa mbali humwona anadeka. Lakini machimboni palikuwa pabaya kweli. Hapo ndipo Ackson, kaka yake mkubwa Tulinagwe, alipofyatua matofali miaka na miaka. Alianza kwa kujenga nyumba yake mwenyewe, akaona wateja wapo, akaendelea. Alikwangua udongo wote wa juu, akashuka chini yake, akachoma tanuri baada ya tanuri, mpaka akafika kwenye udongo mwekundu mgumu uliochanganyika na mawe, usiofaa kwa tofali wala kwa mchicha. Ndipo akaacha. Aliacha shimo pana kama uwanja wa mpira wa shule, kuta zake zimesimama wima, na katikati madimbwi ya vyura.

Shimo hilo ndilo alilompa dada yake.

Tulinagwe alikuwa amerudi kutoka Kyela, alikoolewa. Mume wake alileta mke mwingine, akamwambia kama hataki kukaa naye njia anaijua. Njia aliijua kweli. Alimshika mkono binti yake Tulia, akajitwisha begi, akapanda kurudi kwao. Baba yao alikuwa ameshafariki, na mashamba yote yalikuwa mikononi mwa Ackson, migomba, chai, na bonde zuri la viazi. Mama yao, bibi Agness, alikuwa hai, akiishi palepale nyumbani kwa Ackson, katika nyumba ndogo ya uani karibu na migomba.

Kwa desturi ya huku binti aliyerudi kwao hanyimwi pa kulima. Lakini sikiliza vizuri: anapewa pa kulima, hapewi ardhi. Atapanda maharage, mahindi, viazi. Akishavuna, msimu umekwisha na mwenye shamba ni yuleyule. Mti wa kudumu ni habari nyingine. Anayepanda mti anatamka mbele za watu kwamba hapa ni pake, na kila apitaye njiani anaelewa hivyo. Ackson aliijua desturi hiyo vizuri, na aliifuata kwa namna yake. Hakumnyima dada yake. Alimpeleka machimboni, akamwonyesha kwa kidole.

"Lima hapa," alisema. "Pote hapa pako, mpaka kule mwisho. Hakuna atakayekubughudhi."

Aliyasema hayo huku akicheka, na waliokuwa naye wakacheka. Tulinagwe alimeza hasira yake. Mtu aliyerudi na begi kichwani hachagui, au ndivyo wanavyotaka aamini.

Msimu wa kwanza alipanda maharage. Yakaota, yakafika urefu wa kidole, yakageuka manjano yakakaa hivyohivyo kama yaliyopigwa marufuku kukua. Akajaribu mahindi, yakatoa vibunzi vyembamba ambavyo hata kuku waliviangalia wakaenda zao. Watu walipita juu ya ukingo wakamwona ameinama kule chini, wakampa pole, na katika pole zao alisikia kicheko. Hapo ndipo hasira ilipompanda sawasawa. Wengine wakikasirika hulala, wengine hutukana. Tulinagwe akikasirika hushika jembe. Akasema kama ni shimo alilopewa, basi atalifanya shimo hilo libebe miti, tena si miti ya kuni, miti ya matunda. Wakati huo kila mwenye shamba Rungwe alikuwa akihangaika na parachichi za hasi, zile ndogo za ngozi ya magamba zinazonunuliwa na watu wa nje. Naye angepanda hizohizo.

Ackson alimkuta akichimba mashimo. Alisimama juu ya ukingo, mikono mfukoni.

"Hayo mashimo ya nini tena? Shimo ndani ya shimo?"

"Parachichi, kaka."

Unaweza kudhani angekataa. Mti wa kudumu kwenye ardhi ya kuazima! Lakini alicheka mpaka akakohoa. "Panda," alisema. "Panda hata minazi. Hapo hata magugu yamekataa."

Kazi ya kuchimba ilihitaji sururu, kwa kuwa jembe lilikuwa likiruka na kurudi. Na shimo likishachimbwa lilihitaji kitu cha kujaza, na kitu hicho hakikuwepo. Samadi kila mtu huku anaitaka kwa migomba yake, hakuna atakayekupa. Tulinagwe alizunguka mjini mpaka akafika Bagamoyo, hii yetu ya hapahapa Tukuyu, kwenye bucha la Husseni. Babu yake Husseni alitoka pwani na biashara zake akaoa na kuzikwa huku, na mjukuu ni mchinjaji. Kila siku ya kuchinja alikuwa na tatizo la uchafu: yale majani mabichi yanayotoka kwenye tumbo la ng'ombe, damu, pembe na mifupa isiyouzika. Alikuwa akimlipa mtu wa kwenda kuvitupa.

"Dada, chukua vyote," Husseni alimwambia. "Lakini usije ukasema kesho Husseni kanipa uchafu."

"Uchafu ninaoujua mimi ni ule wa midomoni, kaka Husseni. Huu nipe."

Akawa anaubeba kwa ndoo, kichwani, kutoka Bagamoyo mpaka machimboni, na maji ya tumbo la ng'ombe yakimchuruzikia shingoni. Wanawake wenzake walimpisha njia huku wameziba pua. Kanisani benchi lake lilipata nafasi ya kutosha. Wakampa jina la Mama Utumbo, na jina likashika mpaka watoto wadogo wakawa wanamsalimia nalo, shikamoo Mama Utumbo, bila kujua wanatukana. Aliitikia marahaba. Moyoni alikuwa akiwaandika wote, na hakusahau hata mmoja.

Alipanda miche yake. Ilikuwa miche mizuri, iliyounganishwa, hasi juu ya kienyeji. Halafu masika ikaingia.

Wanaoijua mvua ya Tukuyu hawahitaji kuelezwa. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, ikapumzika kidogo ili ipate nguvu ya kunyesha tena. Ule udongo mwekundu haukunywa maji. Kila shimo alilochimba likawa beseni, na kila mche ukasimama katikati ya beseni na majani yameinama. Ndani ya maji, na bado majani yananyauka! Aliingia akateka maji kwa kopo, usiku yakarudi. Aling'oa mche mmoja akakuta mizizi imekuwa myeusi na inanuka. Alilia siku hiyo, ndiyo, lakini hakulia kwa huzuni. Aliipiga teke ndoo, akalipiga teke na shimo lenyewe, akamtukana Ackson kwa Kinyakyusa na Kiswahili mpaka maneno yakamwishia.

Mche mmoja tu haukufa. Huo hakuupanda kwenye shimo. Siku ya mwisho ya kupanda alikuwa amechoka, sururu imemkataa, akauchomeka juu ya lundo la takataka pembeni, pale alipokuwa akitupa vigogo vya migomba vilivyooza. Ukawa unachipua majani mapya kule juu, umejitenga na maji.

Aliutazama mche huo kwa chuki, kama mtu aliyefichwa jambo na wote wanaolijua. Kisha akaanza upya. Safari hii hakuchimba. Alilaza vigogo vya migomba chini, akamwaga juu yake uchafu wa Husseni, majani, majivu, nyasi, tena vigogo, tena uchafu, mpaka kikapatikana kilima kinachomfikia kiunoni. Kilichokosekana kilikuwa udongo wa juu wa kukifunika. Udongo huo aliutafuta mitaroni. Mvua inapokwangua mashamba ya watu wa juu na kuumwaga udongo wao kando ya barabara, wenyewe huwa wamejifungia ndani wakiota moto. Tulinagwe alikuwa pale na koleo na ndoo, amejifunika nailoni. Hakumwibia mtu. Aliokota walichokiacha kiende.

Na bibi Agness akaanza kuja. Alikuwa mzee, anatembea kwa fimbo, lakini kila alipomtembelea binti yake alikuja na beseni dogo kichwani, limejaa udongo mweusi wa migombani kwake. Alifika, akalitua, akaumimina juu ya kilima chochote kilichokuwa karibu, akaupapasa kwa kiganja.

"Ndaga, juba," Tulinagwe alimwambia. Asante, mama.

"Nisije mikono mitupu kwa mwanangu," alijibu mama. "Huo ni wa baba yako. Na wewe ni wake."

Hakusema zaidi ya hapo. Kusema kweli jambo hili lilimuuma Tulinagwe kwa muda mrefu, kwamba mama yake aliona kila kitu na hakumkemea Ackson hata siku moja mbele za watu. Alikula kwake, alilala kwake. Lakini beseni lile hakuacha kulileta, na Ackson alipomuuliza kwa nini anachota udongo wa migomba, alimwambia migomba ni ya mume wangu, nawe ukiwa na mume nenda ukachote wake.

Miti ikashika. Kuanzia vilima vile vya kwanza akaongeza vingine, mwaka hadi mwaka, mpaka machimbo yakajaa vilima vilivyojipanga na kila kilima na mti wake, na mizizi ikatafuta chini taratibu, ikapasua hata ule udongo uliomshinda yeye na sururu. Zikaja parachichi. Kwanza chache, za kumpelekea mama na kuuza sokoni. Kisha nyingi, mpaka wanunuzi wakaanza kuliegesha gari lao pale juu na kuuliza njia ya kwa Mama Utumbo. Tulia alimaliza chuo kwa parachichi hizo. Siku hizi anafundisha Mbeya.

Unajua aliyegundua kwamba shamba ni zuri? Ackson. Tena ghafla. Alianza kuwaleta wageni wake ukingoni na kuwaonyesha "shamba letu". Baada ya muda likawa "shamba langu". Halafu siku moja alikuja na Jotham, mdogo wao wa mwisho, mtu mpole asiyependa ugomvi, akamwambia Tulinagwe kwamba mavuno yanayofuata atayasimamia yeye Ackson mwenyewe.

"Ulipewa pa kulima," alisema. "Sikukupa ardhi. Unaijua desturi."

"Na miti?"

"Miti imeota kwenye ardhi yangu."

Bibi Agness ndiye aliyelizima. Kwa mara ya kwanza alisema, tena mbele ya Jotham na wake zao: "Mimi nikiwa hai, mtu asiguse pale." Ackson alinyamaza. Lakini kuna kunyamaza kwa aliyekubali na kuna kunyamaza kwa anayengoja, na huyu alikuwa anangoja mama yake afe. Nisipambe maneno. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Na mama akafa, masika hii iliyopita, akiwa amelala nyumbani kwake, bila kusumbua mtu.

Msiba ulikuwa mkubwa, kama misiba ya huku ilivyo. Turubai lilifungwa uani, wanaume wakakaa nje kuzunguka moto, masufuria ya ndizi yakapandishwa, na ndugu wakaanza kufika kutoka Makandana, Kyela na Mbeya. Ndani wanawake walikaa kuuzunguka mwili. Tulinagwe alikaa kichwani pa mama yake, mahali pa binti, mkono wake umegusa shuka. Hapo ndipo alipotakiwa kuwa. Alikuwa ameanza kulia kile kilio cha kweli kinachotoka taratibu, chenye majina na habari ndani yake: mama uliyenibebea udongo, mama usiyekuja mikono mitupu. Tupokigwe, jirani yake, akaingia na kuni, akamwinamia sikioni.

"Dada, samahani. Mbona vijana wamebeba sururu wanashukia machimboni kwako?"

Tulinagwe hakuelewa mara moja. Kaburi la mama lilijulikana liko wapi, halikuhitaji kuulizwa. Baba amelazwa migombani, na ubavuni mwake iliachwa nafasi tangu siku ile. Kisha akaelewa, na kilio kikakatika kooni.

Kaburi likiingia mahali, mahali hapo pamekwisha. Huku hakuna anayeuliza tena nani alipanda nini. Ardhi yenye kaburi la mama ni ya wanawe wa kiume wanaolitunza, wao na watoto wao, na dada atakayedai atakuwa anagombea na mama yake aliyelala chini. Ackson hakuthubutu kumshinda mama akiwa hai. Sasa alikuwa amemfanya mama awe silaha yake, na mama hawezi kukataa.

Binti wa marehemu haondoki kwenye mwili. Tulinagwe aliinuka. Wanawake wakamshika kitenge, wakidhani amepandwa na wazimu wa msiba, akawatoa mikono mmojammoja. Alitoka akapita katikati ya wanaume bila viatu, mvua inanyesha, khanga imefungwa kiunoni, akashuka. Baadhi ya wanaume waliinuka wakamfuata, na kati yao mjomba Emmanuel, mdogo wake marehemu, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika na hajakaa.

Walikuwa wamelichimba kati ya vilima viwili. Ili wapate nafasi walikuwa wamekata mti mmoja, na kilima chake kilikuwa kimebomolewa nusu, mizizi iko nje. Ulikuwa mti wenye matunda machanga. Jotham alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, vijana wawili wanapokea udongo, na Ackson amesimama juu yao na mwavuli, amevaa koti la msiba.

"Shikamoo, kaka," alisema Tulinagwe.

"Marahaba. Mbona umemwacha mama peke yake?"

"Nimekuja kuiona nyumba unayomjengea."

Ackson alishusha sauti, ile sauti ya mtu anayetaka asikike ana busara. "Mama alipapenda hapa, unajua mwenyewe. Kila siku alikuwa anakuja kwako. Nimeona alale karibu nawe. Nilidhani utafurahi."

Hapo ndipo heshima ilipomwishia. Mtu akuibie, sawa, wezi wapo. Lakini akuibie halafu adai umshukuru!

"Baba amelala wapi?" aliuliza.

"Hilo kila mtu analijua."

"Amelala wapi?"

"Migombani."

"Na ubavuni mwake nani amelala?"

Ackson aliuhamishia mwavuli mkono mwingine.

"Gwe Ackson!" alipaza sauti, na waliosimama walishtuka, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumwita kaka yake wewe, tena kwa jina tupu. "Mama aliolewa na baba, au aliolewa na shimo lako la matofali? Ulichimba udongo wa hapa ukauuza mpaka ukaisha. Ukanipa mimi mfupa. Nimeuvisha nyama kwa kichwa changu hiki, kwa uchafu wa machinjioni, na nyie mkiziba pua. Sasa udongo umekwisha, matofali yamekwisha, umeona uanze kumtumia mama? Mama amepoa jana tu! Hata maji ya kumwoshea hayajakauka!"

"Usinivunjie heshima kwenye msiba."

"Msiba gani? Wewe umekuja kufanya msiba hapa, au kupima shamba?" Akamgeukia aliyekuwa shimoni. "Jotham. Mdogo wangu. Umesimama ndani ya nini hapo?"

Jotham alitazama miguu yake. Alikuwa na aibu ya mtu aliyeambiwa chimba akachimba. "Maji, dada."

"Sema kwa sauti, mjomba asikie."

"Maji," alisema Jotham. "Yamefika magotini. Tangu tulipoanza tunayateka na yanarudi."

Mjomba Emmanuel alisogea mpaka ukingoni akachungulia. Matone yalidondoka kutoka kwenye kofia yake mpaka majini.

"Dada yangu mnamzika majini?" aliuliza.

"Yatatekwa, mjomba," alisema Ackson. "Saa ya kuzika patakuwa pakavu."

"Sisi tulimwoza kwa mwanamume. Mwanamume huyo ana kaburi, na tulipokuja kumzika mlituonyesha nafasi ya mke wake. Leo mnaniambia dada yangu analala peke yake kwenye dimbwi?" Mzee hakupaza sauti. "Mwili hauinuki kuja hapa. Chimbeni migombani."

Vijana walianza kukusanya majembe yao. Wengine walikuwa wakitaka kuondoka muda mrefu. Nani anataka kumshusha mama wa mtu kwenye tope? Ackson naye akafunga mwavuli aondoke.

"Na hili?" aliuliza mjomba.

Kaburi lililofunguliwa haliachwi wazi. Hilo hata watoto wanalijua. Likiachwa tupu linamngoja mwingine wa nyumba ileile. Lazima kilazwe humo kigogo cha mgomba na kifukiwe kama mtu, na anayefukia ni yule aliyeagiza lichimbwe.

"Vijana watafukia," alisema Ackson.

"Vijana hawakuagiza."

Basi Ackson alikwenda kukata mgomba. Alirudi na kigogo begani, utomvu unachafua koti lake la msiba, akakilaza majini, akaanza kufukia peke yake. Wanaume walisimama wanatazama, hakuna aliyemshika mkono. Tope lilikuwa zito na kila koleo lilimng'ang'ania. Tulinagwe alisimama pale mpaka mwisho, mvua ikimlowesha. Alitaka kuona kila koleo likishuka. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakuhisi baridi, wala hakukumbuka kwamba kule juu mama yake amelala na mahali pa kichwani hapana mtu.

Alipopanda kurudi, mwili ulikuwa umeshafungwa ndani ya jeneza.

Walimzika bibi Agness jioni, migombani, ubavuni mwa mume wake, kwenye udongo mweusi usiotuama maji. Kwaya iliimba. Tulia alilia mpaka akashikwa. Tulinagwe alisimama mbele kabisa, macho makavu, taya zimekazwa, akatupa udongo wake na kurudi nyuma. Watu wana macho na wana midomo. Umemwona yule? Hata chozi. Mawazo yake yako kwenye parachichi. Aliyasikia. Alikuwa amejaribu kulia. Alikuwa amesimama pale anamtafuta mama yake ndani ya moyo, na kila alipomtafuta alimkuta Ackson na mwavuli.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa. Mjomba alisema machimboni ni pa Tulinagwe, na baada yake ni pa Tulia, na mtu asilete tena habari ya desturi, kwa kuwa desturi inamlinda aliyeazimisha udongo, na pale hapakuwa na udongo wa kuazimisha. Wote waliitikia. Hata Ackson aliitikia, kichwa kimeinama. Aliyetaka kupiga vigelegele alipiga.

Wiki chache baadaye Ackson alishuka machimboni. Alikuja peke yake, amevaa nguo za shamba, na alikuwa ameleta mche wa parachichi, badala ya ule uliokatwa. Tulinagwe alikuwa akikijenga upya kile kilima kilichobomolewa. Hakuacha kazi.

"Dada," alisema Ackson. "Nimekosa. Yamekwisha. Shamba ni lako, mbele ya ukoo mzima. Unataka nifanye nini tena?"

Tulinagwe alichomeka koleo chini. Alimgeukia kaka yake, na safari hii hakupaza sauti.

"Shamba nilikuwa nalo," alisema. "Wewe nirudishie ile siku. Nirudishie mama yangu amelala pale ndani na mimi niko kichwani pake, nimlilie nimalize. Mimi ni binti yake mmoja tu, Ackson, na sikumlilia. Kila nikitaka kulia nakuona wewe. Unaweza kuirudisha?"

Ackson alisimama na mche wake mkononi, na mvua ikaanza tena. Mwishowe aliuweka mche chini, taratibu, akapanda kurudi kwake.

Tulinagwe hakuugusa. Aliendelea kujaza kilima mpaka giza lilipoingia, na usoni pake palikuwa na maji ya mvua tu.